Dawa Iliyobaki Tumboni

Mtu anayekula mpaka tumbo limuume, kisha akajitapisha kwa kidole chake mwenyewe, anaikimbia njaa au anaikimbia shibe? Nimepona, na bado sina jibu.

Ninafundisha sekondari mjini Singida. Mama yangu anaishi Issuna, nyumbani kwetu. Nilipokaribia miaka arobaini, kila aliyenisalimu kijijini alinisifu: "Mwalimu, umenenepa!" Kwetu hiyo ni pongezi. Mimi niliisikia kama hukumu. Nikawa nashinda na njaa, na jioni nakula kwa pupa, kwa siri: mikate, viporo, sukari kwa kijiko. Kisha navitapika vyote.

Kwa mama nilipenda mlenda, ile mboga ya utelezi, kwa kuwa unateleza kushuka na unateleza kupanda. Mama alijivuna kwa majirani: "Msomi wangu haringi. Mlenda anaurudia mara tatu!" Nilitabasamu, nikaelekea chooni.

Mashavu yalivimba, meno yakalika, koo likawaka. Siku moja moyo uliruka mapigo nikiwa ubaoni, nikaanguka mbele ya wanafunzi.

Daktari aliyenipokea hospitalini alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Aliitazama sugu iliyoota kwenye kidole changu kwa kukwaruzwa na meno.

"Shikamoo, mwalimu. Unajitapisha?"

Niliitikia marahaba, swali nikaliruka. Aliliuliza tena. Nikakiri.

"Ugonjwa huu unaitwa bulimia. Potasiamu yako, madini ya damuni yanayosaidia moyo kupiga, imeshuka mno, na moyo unaweza kusimama. Tutairudisha kwanza, kisha nitakuanzishia fluoxetine. Ni dawa ya sonona."

"Sina sonona, daktari. Ninacheka kuliko wewe."

"Cheka tu. Dawa hii hupunguza pia ile hamu ya kula kwa pupa na kutapika. Itachukua wiki kadhaa, na tutazungumza kila juma. Mwanzoni inaweza kukutia kichefuchefu. Usiitapike, na usiiache bila kuniambia."

Wewe unayesoma haya ukiwa umejifungia na ndoo yako, mwambie daktari kile kile unachokificha. Hamu yangu haikufa siku moja. Ilififia polepole, kwa dawa na kwa mazungumzo, mpaka nikaweza kula sahani moja na kubaki nimeketi. Ninamshukuru Mungu na daktari yule. Mama ninamshukuru zaidi, maana juma la kwanza la dawa nusura niiharibu tiba yote.

Nilikuwa kwake likizo. Kichefuchefu kilinipa kisingizio kitamu: siku mbili mfululizo nilikitapika kidonge pamoja na uji. Jioni mama akakiona kipakiti.

"Hizi si dawa za vichaa?"

"Ni za kunizuia kutapika, mama. Ninajitapisha. Hata mlenda wako."

Alisimama na mwiko mkononi. "Kumbe nilikuwa nakilisha choo!" Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na dawa nayo unaitapika?"

"Ndiyo."

"Usipoacha?"

"Moyo utasimama."

Alirudi jikoni na mwiko wake. Hapo ndipo nilipoamua.

Asubuhi iliyofuata nilimeza kidonge mbele yake, nikanywa uji, nikakifunga choo kwa kufuli na kumkabidhi ufunguo.

"Usinipe mpaka jua lipande, hata nikilia."

"Na mimi nikibanwa je?"

"Nenda kwa jirani, mama."

Kichefuchefu kilipanda, mate yakanijaa mdomoni. Nililia. Nilimpigia magoti. Mama aliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akaendelea kupepeta uwele.