Stesheni Iliyoipa Reli Kisogo

Siku ya kwanza kazini niliingia na msumeno wangu wa mbao za paa, na Stesheni Masta akacheka mpaka akashika meza. "Fundi, huo wa kukatia nini? Hapa mlango mzima una sentimita mbili na kidogo!"

Miaka thelathini nilikuwa fundi wa mapaa, kuanzia kwetu Mbulumbulu hadi Nainokanoka. Kisha nikaanguka kutoka kwenye kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba paa, na nyonga ikakataa kupanda ngazi tena. Fundi wa paa asiyepanda ni nani? Nilikaa nyumbani miezi mingi, mkali kwa kila mtu, hata kuku. Ndipo loji moja ya Karatu ikatafuta seremala wa kujenga vijumba vya treni ya kuchezea, iwekwe ukumbini kuwafurahisha wageni. Meneja akanipa mwezi mmoja wa majaribio.

Mke wangu alisema, "Baba Neema, kazi mbaya si mchezo mwema. Wewe umepata vyote kwa pamoja!" Nilicheka naye, lakini nilijua nikishindwa na hiyo, useremala wangu umekwisha.

Mkuu wangu alikuwa huyo Stesheni Masta, mzee mstaafu wa reli aliyehamia Karatu kwa binti yake aliyeolewa huku. Alinifundisha kipimo. "Gawanya kila kitu kwa themanini na saba," alisema, "hata mtu." Mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, niliyakata kwa mabaki ya mloliondo, mti mgumu wa kwetu. Vigae vya paa nilivichana kwa wembe kutoka kipande cha mwerezi. Ninyi vijana wa mashine mtasema huko ni kupoteza muda. Haya, chaneni kimoja bila kukipasua, halafu mje tuongee.

Sasa, stesheni yenyewe. Masta alinitajia chumba cha tiketi, stoo ya mizigo na baraza ndefu ya abiria. Baraza ielekee wapi hakusema, na mimi treni sikuwahi kuiona kwa macho, maana kwetu reli haifiki. Nikafanya kwa mazoea. Nyumba ya Mbulumbulu huupa mgongo upepo wa mashariki, ule unaopanda kuelekea msitu wa kreta na ukungu wake na manyunyu. Baraza nikaiweka magharibi. Reli ilikuwa imepita mashariki.

Meneja aliiona siku moja kabla ya ukumbi kufunguliwa. "Fundi, abiria wapandie dirisha la stoo?" Akasema mwezi wangu haujaisha lakini yeye anaona umeisha. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Stesheni ilikuwa imeshikwa kwa gundi na misumari, kuing'oa ni kuivunja.

Masta akaikagua kwa muda. "Kwa nini umeigeuza?"

"Upepo, Masta. Abiria wangelowa."

Akavuta kiti, akakaa. "Stesheni yangu mimi ilitazamana na upepo," alisema. "Miaka yote akina mama walilowa ndani ya baraza na watoto mgongoni, mimi nikiilaumu mvua." Kisha akamgeukia Meneja. "Nyumba isiguswe. Nyumba ni mwenyeji, treni ni mgeni. Mgeni ndiye anayezunguka kutafuta mlango."

Tukaing'oa reli, mimi na yeye, tukaipitisha magharibi. Nyonga iliuma sana siku hiyo, na nilikuwa na furaha. Kesho yake treni ilisimama mbele ya baraza, na Meneja akaniletea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Nilifanya kazi pale miaka kumi na moja. Nilijenga madaraja ya matao, tangi la maji, na boma la ng'ombe ambalo askari wa getini, Mmaasai wa Enguserosambu, alilikosoa papo hapo: "Mzee, ng'ombe wangu hapiti hapo." Nikaupanua mlango. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wote walionisahihisha bila kunidharau.

Masta alifariki kabla sijastaafu. Jeneza lake nililitengeneza mimi, kwa mwerezi. Katika miaka yote ile, ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila kugawanya kwa themanini na saba.

Sasa mikono inatetemeka, wembe nimeuweka chini. Mwaka jana binti yangu Neema alinipeleka kupanda treni ya kweli. Tulifika stesheni mvua ikipigwa na upepo, baraza imelowa mpaka mlango wa tiketi, watu wamejibana ukutani. Nikaangua kicheko.

"Baba," Neema akauliza, "unalowa hivyo halafu unacheka?"

Nilikuwa nimeshageuka kumwambia Masta aje aone.