Aliyemjibia Mwoka Mikate

Juzi jengo moja la mtaa wa Berea liliwaka ghorofa ya juu, na mjukuu wangu amepanga chumba humo. Nilikuwa dukani kwangu mtaa wa Malvern nampimia mteja mawese, simu ikalia. Ujumbe wake wa sauti, maana huku bibi wanamwita gogo: "Niko sharp, gogo, tumeshatoka wote, usihangaike." Nikafunga duka, wateja nikawaacha barabarani. Nikapanda teksi, polisi walikuwa wamefunga njia, dereva akanishusha kwenye robot, taa za barabarani. Nikatembea, nikasukuma watu, mpaka nikamshika yule mtoto mkono. Ulikuwa wa moto, una jasho.

"Eish, gogo, unaniaibisha. Si nilikutumia sauti?"

"Sauti niliipata," nikamwambia. "Nimekuja kumtafuta mwenyewe."

Wenzake wakacheka. Wewe usicheke kwanza. Kaa nikueleze.

Mimi nilikulia Burundi, mji mdogo kando ya ziwa, mji wa mawese. Mawese yalichemka kwenye mapipa mpaka nguo zetu zikanuka mafuta hata baada ya kufuliwa. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilianikwa mchangani, na alfajiri harufu ya mkate ilitoka kwenye tanuri la kuni la mwoka mikate ikatuamsha kabla ya jogoo. Kazi yetu watoto ilikuwa kujaza pipa la maji lililokaa kila mlango, na ole wako ukinywa maji yale. Yalikuwa ya kuzimia moto. Mji wa mafuta na makuti unawaka kama karatasi, na gari la zimamoto lilikuwa mji mkuu. Lingekuja kupoza majivu.

Basi wanaume wa mji walijipanga wenyewe, bila mshahara. Kwa mhunzi ilining'inia ringi ya lori. Ukiona moshi, au mtumbwi umepinduka, au mtoto ametumbukia shimoni, unakimbia kuigonga. Fundi cherehani anaacha shati nusu, kinyozi anamwacha mtu na upande mmoja wa kichwa, na mteja hanuni, kwa sababu kesho inaweza kuwa nyumba yake.

Walikuwa na desturi yao. Moto ukishazidi nguvu, wakitoka, hawageuki kuutazama. Bibi yangu alisema, moto ukiutazama wakati wa kuuacha unadhani unauita. Kwa hiyo walisimama mstari mmoja, migongo kwenye moto, magunia mabichi vichwani, macho yamefumbwa kwa moshi. Mhunzi anawaita kwa kazi zao, kila mtu anajibu "Nipo." Akijibu wa mwisho, ndipo wanakwenda kwa bibi. Yeye aliwawekea maziwa, bakuli la kila mmoja juu ya mkeka, kwa kuwa maziwa huosha moshi kifuani.

Siku ile ilikuwa kiangazi, alasiri, upepo unatoka ziwani. Banda la kukamulia mawese likashika moto. Nilisimama na bibi ng'ambo ya barabara, moshi mweusi umelala chini, watu hawaonekani, vivuli tu. Wakatoka, wakajipanga. Mhunzi akaita.

"Kinyozi!"

"Nipo."

"Kinyozi!"

"Nipo."

"Mwoka mikate!"

Kikasikika kikohozi. Yule mzee siku zote alikohoa unga kabla ya neno lolote. Mji mzima tulikijua kikohozi kile. Kisha, "Nipo." Nilisikia kwa masikio yangu haya. Mkewe alikuwa karibu nasi, akashusha pumzi, akasema, "Leo atakunywa maziwa ya watu wawili, yule mlafi."

Wakaja, wakakaa, wakanywa. Bakuli moja likabaki limejaa.

"Bibi leo umekosea kupima," kinyozi akamtania. "Uzee huo."

"Mimi sikosei kupima. Mwoka mikate yuko wapi?"

"Si amejibu? Atakuwa anajisaidia."

"Nani alimwona akijibu? Nionyesheni mdomo."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa kwenye mstari kabla ya mwoka mikate. Akasema polepole kwamba sauti ilitoka ubavuni pake kabisa, na ubavu ule ulikuwa wa baridi, wakati mgongo unaungua. Mke wa mwoka mikate akaanza kukimbia kuelekea bandani. Mhunzi akampita, na wengine nyuma yake. Hapo hakuna aliyekumbuka habari za kutotazama moto.

Walimkuta chini ya mlango wa bati uliomwangukia, karibu na ukuta ambao moto haujaufikia. Walimtoa mzima, nyusi zimeungua. Bibi alimnywesha lile bakuli kwa kijiko. Siku ya pili ndipo akaweza kusema, akasema maneno haya, nami nilikuwa mlangoni: "Nilisikia naitwa. Nikavuta pumzi nijibu. Nikasikia nimeshajibu."

Tangu siku ile mhunzi aliacha kuita. Alipita kwenye mstari akiwashika watu mmoja mmoja kifuani. Na mwoka mikate ukimwita hakuitika. Alitoka mwenyewe, anafuta mikono, anasimama mbele yako ndipo anasema. Sisi watoto tulimtania kila mtu mjini, hata padri. Yeye hatukuthubutu kumwita jina tukiwa mbali.

Shule mimi niliishia darasa la tatu, na duka hili nimelijenga kwa mikono. Sikuambii ilikuwa nini, kwa sababu sijui. Nakwambia nilichosikia.

Mji ule haupo tena. Vita vilipokuja kila mtu alikimbia na njia yake, hakuna aliyepanga mstari. Mhunzi hatujui alizikwa wapi. Ringi nasikia iliuzwa chuma chakavu.

Amebaki dada yangu mkubwa. Tulipotezana njiani, miaka mingi kimya, kisha akanipata kwa simu. Anasema yuko Uvira. Hupiga Jumapili, watu wakitoka kanisani. Namwambia njoo, anasema mwakani. Namwomba picha, anasema simu yake ni ya tochi. Mimi karatasi zangu haziniruhusu kuvuka mpaka. Namuuliza, dada, uko? Ananijibu, nipo, mdogo wangu, nipo. Anacheka kama alivyocheka tukijaza mapipa, na nyuma yake sisikii mtoto, sisikii kuku, sisikii upepo.

Jumapili ikifika nafunga duka mapema, nakaa, naisubiri simu. Na ikilia, napokea.