Mbao za Matunda za Mama

Harufu ya ubao mkavu uliokolea moshi hunirudisha jikoni kwetu Miteja, hata niwe wapi. Jiko lenyewe lilikuwa la miti na udongo, lakini ukutani, wenzangu, palijaa matunda. Kila Mama alipokwenda Lindi aliwaomba wenye maduka ubavu wa masanduku ya zamani ya matunda, zile mbao zilizochapwa picha: zabibu, machungwa, tufaha jekundu lenye jani moja. Alizifuta vumbi, akazipigilia juu ya mafiga. Majirani walimcheka.

"Mama Zuhura, leo tunakula picha gani?"

Naye alicheka nao, huku akiendelea kukuna nazi.

Mdogo wangu Saidi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Asubuhi alitaka abebwe mpaka kwenye lile tufaha, alikwangue kwa kucha, kisha atie vidole mdomoni. Tufaha la kweli hakuwahi kulionja. Hata mimi.

Mwaka ule mvua ilikata barabara pande zote mbili, na Saidi akashikwa na homa. Baba alimfunga mgongoni, akaenda naye mpaka ukingoni mwa maji, akarudi. Akajaribu kupitia mashambani, kwenye mikorosho, akarudi amelowa hadi kifuani. Mama alimkanda Saidi kwa kitambaa chenye maji huku akimwita, akimwita, kama mtoto aliyeko mbali anacheza. Alasiri Saidi hakuitika tena.

Kaburini zilihitajika mbao za kumfunika kabla ya udongo, na fundi seremala alikuwa ng'ambo ya maji. Mama aliinuka, akaingia jikoni, akaanza kung'oa misumari kwa kisu.

"Mama Zuhura, hizo zina picha," Baba alisema taratibu. "Shehe atasemaje?"

"Mwambie ni matunda tu." Akamshika mkono. "Lakini picha zielekee ndani. Umenisikia? Ndani."

Shehe alizikubali. Wanaume wakaondoka na mbao, zikiwa fupi, zikimtosha kabisa.

Nilibaki nikilia, nikishangaa kwa nini Mama anataka zigeuziwe gizani, asikoweza kuziona mtu. Sikumuuliza. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, tukiwa tumelala uso kwa uso, ndipo nilipoelewa Mama alikuwa akimgeuzia nani lile tufaha.