Ngumi ndani ya viatu

Fundi viatu wa mtaa wetu hapa Bunia, mabishano ya boksi yakianza, anaingiza mikono ndani ya viatu vya wateja na kupiga ngumi hewani. Kwake, bingwa wa uzito wa juu ni Ali, kwa sababu alikubali kupigwa mpaka Foreman akachoka. Anayasema hayo polepole, akijikinga uso kwa soli mbili.

Jana nilimukumbusha kwamba zamani yeye alikuwa upande wa Foreman. Aliyekuwa akimutetea Ali ni mke wake, Mama Annie, kabla vita haijamuvusha ziwa kwenda Uganda.

Akavua viatu mikononi, akavipanguza.

"Mama Annie iko kule mpaka leo," akasema. "Ali ni wake. Ninamuchungia tu mpaka atarudia."