Springi za Inshallah

Mume wangu alinunua lile gari la porini kwa ajili ya mamangu. Hilo nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akadai namsengenya. Nia yake ilikuwa njema. Kichwa ndicho kilichokuwa na shida.

Mamangu alizaliwa bara kule ndani, ukipita Kinango, akaolewa huku Mji wa Kale angali msichana. Dadake mkubwa alibaki kule, na mwaka ule alikuwa kalala kitandani, hawezi kuinuka. Mama naye macho yalikuwa yanamwishia. Daktari alituambia wazi kwamba yatakwenda, hakuna dawa ya kuyazuia. Tangu siku hiyo mama akawa na neno moja tu: "Nataka kumwona dadangu ningali naona." Si kumsikia kwenye simu. Kumwona. Na njia ya kule, mvua zikishanyesha, ina makorongo ambayo gari dogo likiingia hulala tumbo chini, magurudumu yakizunguka bure.

Gari lilikuja limechoka. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, pua inatazama mbinguni. Mtu mwingine angebadilisha springi yakaisha. Mume wangu akaamua kuliinua gari zima, lipite makorongo bila kugusa.

Sasa, gari haliwezi kuingia vichochoroni kwetu. Hulala pale uwazini karibu na Ngome ya Yesu, na mwanamume hawezi kujilaza chini ya gari mbele ya Ngome akaachwa na faragha yake. Walikuja wenye kuwatembeza wageni, wakaja wauza vinyago, akaja muuza kahawa na dele lake. Kila mmoja ana shemeji aliyewahi kuwa na gari. Huyu anasema weka spesa mbele, vile vipande vya kuongeza urefu, gari likae sawa. Yule anasema mifuko ya hewa ndani ya springi za nyuma, unajaza upepo ukitaka, unapunguza ukitaka. Muuza kahawa akasema afadhali punda. Niliona ndiye pekee mwenye akili.

Muuza spea wa Mwembe Tayari alimuuliza mume wangu swali moja: gari litabeba mzigo gani? Akamweleza kwamba springi huchaguliwa kwa uzito. Kuna laini za mzigo mdogo, na kuna ngumu za mzigo mkubwa, na ukikosea utajuta.

Basi bwana huyu akenda barazani kando ya msikiti baada ya sala ya alasiri, akatangaza: "Tunakwenda kumtazama mgonjwa, dadake mamkwe wangu. Nani atafuatana nasi?"

Jamani! Hapa kwetu nani atasema hapana akialikwa kumtazama mgonjwa? Wote walijibu kwa sauti moja, inshallah, tuko pamoja. Muuza halwa, inshallah. Fundi cherehani, inshallah. Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa mwili wake mashallah, akachungulia dirishani akasema hata yeye na bintiye inshallah.

Mume wangu akarudi nyumbani anahesabu kilo.

"Ile ni adabu," nikamwambia. "Si uzani!"

"Watu wamesema inshallah kwenye ukuta wa msikiti, wewe unawatoa garini?"

Siku ya pili akawaita mmojammoja kwenye mizani ya duka la viungo, ile ya kupimia magunia ya pilipili manga. Wanaume walipanda, wengine wakavua viatu kabisa. Alipofika kwa jirani yangu kumuuliza kilo zake, kwa heshima zote, mlango ulifungwa kwa kishindo hata tukatambua kwamba ukuta wetu una ufa. Mume wangu akamkadiria. Akamkadiria kwa ukarimu.

Akanunua springi za nyuma ngumu kuliko zote zilizokuwa dukani.

Zilipofungwa, gari lilisimama kama kuku anayekunywa maji, kichwa chini, mkia juu. Watu wa pale Ngome wakarudi na spesa zao na mifuko yao ya hewa. Mume wangu akawapungia mkono. "Abiria wakipanda litajisawazisha lenyewe," akasema. Tukampandisha mama kwa kigoda kulijaribu mpaka Makadara. Wallahi, kila tuta lilimrusha. Springi zile bila mzigo hazikubali kushuka hata kidogo. Mtandio wa mama ulitoka kichwani, meno ya bandia akayashika mkononi, na aliposhushwa alikuwa anatetemeka. "Hata hivyo twendeni," akasema. "Nitajifunga na kamba."

Mgongo wake usingeweza, mimi mwanawe naujua. Tukangoja. Mvua ikanyesha, ikakatika. Barazani wakabishana, springi zibadilishwe au zizoee. Kuna aliyesema gari halina kosa, ila limeona haya kwa kuwa geni.

Kisha asubuhi moja nikamkuta mama ukumbini anazungumza. Alikuwa analisalimia koti la mume wangu lililoning'inia mlangoni. Alilisalimia vizuri, akaliuliza habari za watoto, akalilaumu kwa kuwa kimya. Nilijibu mimi kutoka nyuma yake, kwa sauti nzito, kwamba wote hawajambo. Nikaingia jikoni nikalia juu ya vitunguu ambavyo sijavikata.

"Jumamosi tunakwenda," nikamwambia mume wangu. "Na springi hizo hizo. Wewe watafute hao inshallah wako."

Jumamosi ikafika, na uwazini tuko sisi watatu na gari lililobinuka. Bwana akashika njia, mlango hata mlango. Muuza halwa, mguu wamuuma. Fundi cherehani ana nguo za harusi. Wote walikuwa na udhuru, na wote walisikitika kwa dhati. Lakini kwetu mtu hatoi udhuru mikono mitupu. Anayeshindwa kwenda kumtazama mgonjwa humtumia kitu. Muuza halwa akatoa makanda ya halwa. Fundi akaleta godoro. Ukaja mchele, zikaja nazi, likaja dumu la mafuta, kikaja kinu na mchi wake, mwenyewe akisema mgonjwa atapona atatwanga.

Na gari likaanza kushuka.

Mume wangu alichuchumaa ubavuni, jicho kwenye mstari wa mlango. "Bado! Mchele usogee nyuma! Nazi, nazi chini!" Wenye kuwatembeza wageni wakaacha wageni wao wakaja kupanga nazi. Wageni wakapiga picha, sijui waliambiwa ni mila gani. Mwisho kabisa akatokea jirani yangu wa mlango wa pili, nyuma yake mkokoteni una gunia la chumvi. Hakunitazama usoni. "Mwambie mumeo," akasema, akiligonga lile gunia, "mimi ndiye huyu."

Gunia lilipotupwa ndani, gari likakaa sawa kama meza. Watu wakapiga makofi. Nilimbusu yule mwanamke kwenye mashavu, naye akakubali, kwa shingo upande.

Nisiwe mchoyo wa haki: lilikwenda kama linateleza. Kwenye feri hatukusikia kitu. Kupita Kinango makorongo yalitufungulia mdomo, nasi tukapita juu yake, tumbo halikugusa. Mama alikaa nyuma nami, amebanwa na godoro na gunia la chumvi, anatabasamu.

Mama mkubwa alikuwa amelazwa ukumbini, kitanda kimeelekezwa mlangoni. Mama akaenda mpaka akakaribia kumgusa pua kwa pua. Akamshika mashavu akamgeuza huku na huku kwenye mwanga, kama anayechagua kanga Biashara Street.

"Umekuwa mkongwe, dada."

"Wewe je? Meno si yako hayo."

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Sisi wengine tukatoka nje kuwapisha.

Nje, vijana wa nyumba walikuwa wanashusha zawadi. Na ni haki yao, ni za mgonjwa. Kiliposhuka kinu, mkia wa gari ukapanda. Iliposhuka chumvi, ukapanda moja kwa moja. Mume wangu akabaki amesimama na mikono kichwani.

"Mama hatarudi hivi," nikasema. "Tutamuua njiani."

Hapo akafanya jambo la pekee lililobaki. Aliwaita wale vijana wakateremka korongoni wakawa wanapandisha mawe. Makubwa, yenye udongo mbichi. Waliyapanga palipokuwa na mchele, palipokuwa na nazi, na mume wangu amechuchumaa tena na jicho lake. Jua lilikuwa linapungua na mimi nilikuwa nimechoka mpaka sina hasira. Mama akatoka ndani, ameshika ukuta. Akalifikia gari, akayapapasa mawe, moja, jingine.

"Yametosha?" akauliza.

"Bado kidogo, mama," mume wangu akajibu. "Wewe ukipanda litakaa sawa."

"Basi wekeni jiwe pale pangu. Mimi nabaki."

Nikaanza: dawa zake, mvua ikirudi, choo cha nje, na gizani nani atamshika mkono? Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu, wewe nishakuona miaka yote hii. Nakujua sura yako hata nikifumba. Dadangu sikumwona vya kutosha. Yamebaki macho kidogo, na hayo kidogo nataka kuyamalizia hapa."

Nilimbusu mkono, akanibusu kichwa, akarudi ndani kwa kufuata ukuta.

Vijana wakaleta jiwe jingine, wakaliweka kwenye kiti cha mama. Gari likakaa sawa. Lilikwenda laini mpaka feri, halikurusha hata mara moja, nami nilikaa nyuma pembeni ya lile jiwe, nimelishika kwa mkono lisianguke.