Mshono Chini ya Zulia

Mume wangu ana sumaku. Ni kipande cheusi kilichotoka kwenye spika mbovu ya redio, nami nimekivalisha mahameli kwa mkono wangu mwenyewe ili kisikwaruze rangi za magari ya watu. Kwa ajili ya hicho kipande mtaa mzima unamwita Sumaku, na mimi naitwa Mama Sumaku, jina ambalo sikuliomba. Kazi yake ni kukagua magari yaliyotumika kabla mtu hajatoa hela. Anaitembeza sumaku juu ya bodi: ikinasa, chini ya rangi kuna chuma; ikidondoka, kuna puti nene ya kuzibia mabonde, na penye puti pana ajali ambayo mwenye gari hakuitaja.

Mtu wa kazi hiyo ukiishi naye ndani utakoma. Nikinunua nyanya, anazigeuza moja moja. Binti yetu alipoleta mchumba nyumbani, alimzunguka yule kijana mara mbili kabla ya kumpa kiti, nikajua anatafuta alipopigwa rangi upya. Kijana hakurudi. Huwa namcheka, lakini mimi ni fundi cherehani wa miaka thelathini, na katika miaka hiyo nimejifunza kwamba mteja anayekagua sana mishono mara nyingi naye ni fundi. Neno hilo nililiacha moyoni, sikuwahi kumwambia.

Binti yetu ni dereva wa gari la wagonjwa, mwaka wa tisa sasa. Miaka yote hiyo kilichomkaa rohoni ni gari la spoti, la milango miwili na viti viwili, lililolala chini karibu na lami. Nilimuuliza mimi nitakaa wapi, akasema, "Kwenye buti, mama." Tukacheka. Halafu akasema, "Nataka siku moja niendeshe kasi na nyuma yangu hakuna anayelia." Tangu siku hiyo sikumtania tena.

Shida ilikuwa baba yake. Mwezi ule alikuwa amemkatalia magari manne. La kwanza, usukani ulikuwa umechakaa kuliko kilomita zilizosomeka. La pili lilinuka ukungu, kwa hiyo liliwahi kuzama kwenye mafuriko. La tatu sikumbuki. La nne alilikataa kwa sababu muuzaji alicheka haraka mno. Hapo binti akapandwa na hasira.

"Baba, hili la tano ndilo la mwisho. Ukilikataa, unionyeshe ubovu kwa macho yangu. Usiponionyesha, nalinunua."

"Sawa," alisema Sumaku. Nami nikasema siku hiyo nakwenda nao, maana nilitaka awepo wa kuwaamulia.

Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Tulifika kwenye yadi ya magari saa moja. Ndiyo kawaida yake. Anasema muuzaji mwenye siri hupasha injini moto kabla mteja hajafika, kwa sababu injini mbovu ikiwa baridi husema ukweli. Lango lilikuwa limefunguliwa nusu, mlinzi anafagia. Gari tulilikuta limeegeshwa peke yake mbele ya ofisi, jekundu, limeoshwa hadi matairi yanang'aa. Sumaku aliweka mgongo wa kiganja kwenye boneti, akakaa hivyo kama anayempima mtoto homa.

"Baridi," alisema, na hakufurahi.

Mwenye yadi alitoka ofisini anafunga vifungo vya shati. Huyu wateja wanamwita Asali. Ulimi wake ni mtamu kiasi kwamba watu humaliza kulipa ndipo wakumbuke kuuliza gari lina tairi la akiba au halina.

"Mzee Sumaku! Mbona mmenivamia na umande?"

"Umande ndio mzuri," alisema mume wangu. "Lilikuwa la nani?"

"La daktari mmoja, mtu mpole sana. Alikuwa analitoa Jumapili tu."

"Mtu mpole ananunua gari la spoti la nini?"

Asali akacheka. Alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sote tulilijua hilo, hata yeye. Akampa binti funguo. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri, haikutoa moshi. Sumaku akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akanusa. Akalala chini. Akaitembeza sumaku kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, upande huu na upande ule, na sumaku haikudondoka hata mara moja.

Binti alinikonyeza. Alikuwa ameshashika usukani kwa mikono miwili, na uso wake, nasema kweli, niliuona wa msichana wa miaka kumi. Nikaomba kimoyomoyo mzee asipate kitu.

Lakini gari safi humtia Sumaku shaka kuliko gari chafu. Aliinama kwenye pembe ya kioo cha mbele, palipoandikwa mwaka kwa herufi ndogo. Akaenda nyuma, akainama tena.

"Vioo hivi havikuzaliwa mwaka mmoja," alisema.

"Jiwe, mzee wangu! Cha mbele kilipigwa na jiwe tukakibadilisha."

"Na mikanda?" Mkanda wa kiti una kitambulisho chake, kitambaa kidogo kimeshonwa chini kabisa. Aliusoma. "Mkanda una mwaka wa kioo cha mbele. Taa za nyuma zina mwaka wa kioo cha nyuma. Jiwe moja limepiga mkanda pia?"

Nikaona binti ameondoa mkono mmoja kwenye usukani. Sumaku alimwomba ashuke, akasukuma viti mbele, akaanza kung'oa zulia la nyuma ya viti. Uso ulikuwa umemchangamka. Nimeshamzoea, anapokaribia kumkamata mwongo huwa kama mtu aliyeitwa mezani.

"Njoo uone, mwanangu. Hapa pameunganishwa magari mawili. Nusu ya mbele ya moja, nusu ya nyuma ya jingine, yote ya ajali. Siku likigongwa, linafunguka katikati. Aliyefanya hivi alijua watu wa sumaku wanakuja, ndiyo maana hakutumia puti. Kachomelea chuma kwa chuma, halafu kafunika kwa lami. Ni mwizi, lakini mwizi fundi!"

Alitoa bisibisi akakwangua ile lami. Ilibanduka vipande vipande, na chini yake zikatokea nukta za kuchomelea. Nukta tatu, nafasi ya kidole, nukta tatu, nafasi ya kidole, nukta tatu.

Bisibisi ikasimama. Mimi nilikuwa nimeinama begani kwake, na nukta zile niliziona vizuri kama anavyoziona yeye. Ziko kwenye lango la nyumba yetu. Ziko kwenye kitanda chetu. Ziko kwenye mguu wa cherehani yangu, uliovunjika mwaka tuliooana, na siku hiyo alinieleza kwamba chuma ukikichoma mfululizo kinapinda, kwa hiyo yeye huchoma tatu akapumzika. Nilimtania kwamba anashona kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo.

Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa akichomelea katika gereji ya mjomba wake, nje ya mji. Akaacha ghafla, akaniambia macho yanauma kwa moshi. Nilimwamini, nikawa namkanda macho kwa maji ya vuguvugu kila jioni.

Alirudisha zulia. Alilibana pembeni kwa vidole, vizuri, kama alivyolikuta.

"Halifai. Twendeni."

"Nionyeshe," alisema binti. Alikuwa upande wa pili wa gari, hakuwa ameona.

"Nimesema halifai."

"Umesema pameunganishwa. Tulikubaliana unionyeshe."

"Labda nimekosea kuhusu kuunganishwa. Ila..." Akaifuta bisibisi. "Rangi yake siipendi."

Mume wangu, aliyepoteza wateja kwa kukataa kunyamaza, alisema rangi. Binti alimtazama kwa muda. Nilimwona anakasirika, tena kwa haki, kwa sababu baba huyu alikuwa amekataa magari manne na mchumba mmoja, na sasa amefika mwisho wa sababu.

"Basi," alisema. "Asali, twende tuandikishane."

Asali alimtangulia mbio. Wakaingia ofisini, nasi tukabaki na gari. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtu huyu. Nilifikiria yale maji ya vuguvugu.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Asali atatangaza mji mzima," alisema. "Hakuna atakayeniita tena kukagua hata baiskeli."

"Ni kweli."

"Na yeye je? Ataniona nani?"

"Mwenzangu, yule mtoto ameshika kalamu."

Akaenda. Hakukimbia, lakini alisahau sumaku juu ya gari, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikaichukua nikamfuata. Binti alikuwa ameketi mezani, karatasi mbele yake, Asali anamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi.

"Usitie," alisema Sumaku. "Limeunganishwa. Nina hakika, kwa sababu nimeliunganisha mimi."

Asali ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Macho yakamtoka, halafu meno. "Kumbe! Mkaguzi wetu! Miaka yote unatuumbua, kumbe wewe ndiye..." Akajizuia, akashusha sauti ikawa asali tupu. "Hapana, mzee wangu, tusifike huko. Tuko wanne tu humu. Mimi nauza kwa mwingine, wewe linda heshima yako. Hakuna anayejua."

Nilimwona mume wangu akisikiliza. Sitaficha: kwa kitambo kidogo alisikiliza kweli.

"Gari likatwe vipande," alisema. "Ukimuuzia mtu, nitakwenda kwake nimwonyeshe mkono wangu."

Binti aliweka kalamu chini, akatoka, akaenda kung'oa zulia mwenyewe. Alipiga magoti kwenye changarawe akazipapasa zile nukta kwa kidole, tatu tatu, hadi upande wa pili. Nilidhani analia kwa ajili ya gari lake. Aliposimama, macho yalikuwa makavu.

"Nimewahi kwenda kumtoa mtu kwenye gari lililokatika hivi," alisema. "Mbele lilikuwa barabarani, nyuma mtaroni. Tulijiuliza linawezaje kukatika sawasawa namna ile."

Sumaku akashika ukingo wa mlango.

"Lilikuwa kijani," alisema binti.

"La kijani silo langu," alisema haraka, kisha akaona aibu ya kufurahi. "Gereji tulikuwa watatu."

"Yako ni mangapi?"

"Saba. Na hili."

Tulirudi na gari letu la zamani. Binti aliendesha, mimi pembeni yake, mzee nyuma. Niligeuka kumrudishia sumaku yake, akakataa kuipokea, nikaishika mapajani. Tulipofika kwenye taa nyekundu binti alitoa daftari lake la kazini, lile la kuandikia walipo wagonjwa, akanipa na kalamu.

"Mama, andika. Baba, anza na la mwisho kulitengeneza. Ndilo huenda bado linatembea."

Nikamwona kwenye kioo ameshika magoti yake.

"Jeupe," alisema. "Milango minne. Mwenye gari alirudi gereji baada ya wiki kunishukuru, amekuja na watoto wake watatu. Walikuwa wamekaa nyuma, wananipungia mkono. Nikavua miwani ya kuchomelea nikaiacha pale pale."

Taa ikawa kijani. Binti hakuondoa gari. Nyuma yetu watu wakaanza kupiga honi.

"Namba yake, baba."

Aliitaja yote, herufi na tarakimu, bila kusita. Nami nikaandika.