Mlango wa Nusu

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea, na mtaa mzima unamwita Nusu. Jina hilo alibandikwa na mkewe, dada yangu mkubwa, kwa sababu mwanamume yule alikuwa hajui kumaliza kitu. Geti la mteja atalichomelea bawaba moja, ya pili kesho. Ukuta wa jikoni aliupiga plasta mpaka usawa wa kifua, akachoka. Na mlango wa mbele wa nyumba yake ulikuwa pazia. Fundi wa milango, jamani, analala nyuma ya kitambaa! Wezi wenyewe walimwonea huruma. Mlango wa chuma alioanza kumtengenezea mkewe ulilala karakana ukiota kutu, kuku wakitagia chini yake.

Hilo lilimuuma dada kuliko yote. Alilalamika kwamba kwake hata hodi haipigwi, maana utagonga nini, kitambaa? Watu walijiingilia tu wakamkuta na povu la sabuni usoni.

Saratani ya titi ikamlaza, lakini ulimi wake haukulala. Siku za mwisho alimwita mumewe kitandani, nasi tukakaa mkao wa kulia. Akamwambia, "Nusu, kabla hujanifuata, maliza kitu kimoja. Kimoja tu." Kisha akaomba uji, akaukataa kwa kuwa hauna sukari. Nilimpenda dada yangu, na mpaka leo roho inaniuma.

Mwaka uliofuata zikatangazwa mbio za hisani, za kuchangia mashine ya kutibu saratani hospitali ile ile alikolazwa dada. Nusu akajiandikisha kilomita kumi. Nilicheka mbavu sina. Mtu mwenyewe akikata kona, kitambi kimeshafika. Nikamshauri aende mbio za watoto, kule wanagawa juisi. Hakucheka. Alisema safari hii atamaliza, na shemeji asiyecheka utani wangu ama anaumwa ama ana nia.

Siku yenyewe alianza kwa mbwembwe, anapungia watu mkono kama mgombea. Picha ya dada alijibandika mgongoni ili kila atakayempita aione. Basi waliiona wote, hadi bibi mmoja mwenye mkongojo. Mimi nilimfuata pembeni, nimebeba maji na maneno ya shombo. Katikati ya njia akaanza kuchechemea. Nikamsihi tuchukue pikipiki, nani atajua.

"Yeye atajua," akasema.

Tulipofika mwisho, mwisho haukuwepo. Vijana walishang'oa utepe, wanakunja mabango. Nusu akasimama kwenye lami, jasho linamchuruzika, akauliza mstari uko wapi. Wakamwambia mzee, zimeisha zamani. Nilidhani atalia, kumbe aliyelia ni mimi. Yeye akasema basi bado hajamaliza, akaendelea kuchechemea mpaka karakana kwake.

Akafukuza kuku. Akawasha mashine, namba ya mbio ingali kifuani, cheche zikaruka mpaka nikahama. Nilimwambia apumzike, mlango umengoja miaka, hautakimbia. Ni kama nilikuwa naongea na chuma. Jioni mlango ukasimama mahali pake, bawaba zote mbili, na komeo juu. Pazia akalikunja vizuri, akanikabidhi. Akaniambia niingie ndani nikae na nifunge komeo, akabaki nje.

Nikasikia chuma kinagongwa.

"Hodi."

Akagonga tena, polepole. Nikawaza dada angejibu nini, nikasogea mlangoni.

"Nani?"

"Mimi. Nusu."

"Nusu ninayemjua hamalizi kitu. Nani wewe?"

Kisha akalitaja jina lake alilopewa na wazazi wake, jina ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya harusi yao. Nikafungua komeo.

"Karibu," nikasema.